Kamera imeona nini hasa? Maswali yenu kuhusu kasoro za metali inayochapishwa kwa leza

Safari hii maswali yote yanahusu mashine zinazoyeyusha poda ya metali kwa leza, tabaka juu ya tabaka, pamoja na vifaa vya kuzichungulia zikiwa kazini. Tumeyafupisha, na yaliyofanana tumeyaunganisha.

Ni kasoro gani hasa zinazotafutwa? Je, zote zinaonekana kwa kamera?

Zinazosumbua zaidi ni vitundu vya ndani, navyo havina asili moja. Aina ya kwanza huzaliwa pale leza inapokosa nguvu ya kuyeyusha tabaka likashikana na lililo chini yake, au pale mistari ya leza inapoachana mno. Hubaki upenyo bapa wenye kingo kali, umelala sambamba na tabaka, mara nyingi una punje za poda zisizoyeyuka ndani yake. Huu ndio mbaya kuliko yote kwa kipande kinachobeba mzigo wa kurudiarudia, kwa sababu ufa hupenda kuanzia kwenye kingo hizo.

Aina ya pili ni kinyume chake. Nguvu ikizidi, metali huchemka, na mvuke wake husukuma kimiminika pembeni na kuchimba shimo jembamba lenye kina. Hapa tutaliita shimo la mvuke. Shimo hilo likiyumba, ncha yake ya chini hukatika na kubaki kama kiputo cha duara chenye upana wa makumi ya mikromita (mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Aina ya tatu ni gesi iliyofungiwa ndani ya punje za poda tangu poda ilipotengenezwa.

Kamera ya kawaida haioni hata kimoja kati ya vitundu hivyo. Inaona mwanga unaotoka juu, ilhali kitundu kimekaa chini. Inachonasa ni dalili: aina ya kwanza hutanguliwa na poda iliyosambaa vibaya au cheche kubwa iliyoangukia njia ya leza, aina ya pili huambatana na mtikisiko wa mwanga wa dimbwi la metali iliyoyeyuka, aina ya tatu haitoi dalili yoyote ya maana, na dawa yake ni kuipima poda kabla haijaingia kwenye mashine.

Tuna fedha za kifaa kimoja tu. Tuanze na kipi?

Anzeni na kamera tulivu ya kupiga picha kitanda cha poda, picha mbili kwa kila tabaka: moja leza ikimaliza, nyingine poda mpya ikishasambazwa. Haina mvuto kama kamera za mwendokasi, lakini hukamata sehemu kubwa ya makosa yanayoharibu kazi nzima, na data yake hujaa kwenye diski ya kawaida.

Pigeni hesabu ya pikseli kwanza. Bamba ambalo vipande hujengwa juu yake, likiwa la milimita 250 na likitazamwa na kihisi chenye pikseli 5,000 kwa upana, kila pikseli ni mikromita 50. Kitu cha kuaminika kinahitaji walau pikseli tatu, kwa hiyo msitarajie kugundua chochote kilicho chini ya mikromita 150. Kwa kuwa kamera hutazama kwa pembe kupitia dirisha, picha itakuwa imepinda: wekeni bamba lenye miraba ya mchezo wa drafti juu ya kitanda, pigeni picha, kisha itumieni kunyoosha picha zote zitakazofuata.

Mwanga ndio unaoamua kila kitu. Taa inayomwaga nuru sawasawa kutoka juu huficha mikwaruzo yote. Fungeni taa tatu au nne za LED pembeni, chini kabisa, nuru ipite juu ya poda kwa pembe ya nyuzi 10 hadi 20, na ziwashwe moja baada ya nyingine, kila moja na picha yake. Mfereji wa poda unaoelekea mashariki-magharibi hauonekani kwa taa ya mashariki, lakini kwa taa ya kaskazini hutoa kivuli cheusi kabisa.

Baada ya hapo jifunzeni kusoma mistari. Mstari unaofuata uelekeo wa safari ya kisambaza-poda maana yake ukingo wake umechimbika, au unaburuta punje kubwa. Mistari inayokata safari hiyo, ikijirudia kwa nafasi zinazolingana, maana yake ukingo umegonga kipande ukarukaruka. Sehemu inayong'aa metali tupu baada ya poda kusambazwa ni kipande kilichovimba kuelekea juu kwa sababu ya joto. Hiyo ya mwisho isimamisheni kazi haraka kabla kisambaza-poda hakijang'oa kipande chote.

Jambo moja huwashangaza wengi: mashine ikiwekwa kushusha bamba mikromita 30, poda inayosambazwa huwa nene kuliko hapo. Poda ina nafasi tupu kati ya punje, na ikiyeyuka hunywea. Kama metali ni asilimia 60 ya ujazo wa poda, baada ya matabaka kadhaa unene halisi hutulia kwenye mikromita 50 hivi. Hapo ndipo mnaposoma ni mwinuko wa kiasi gani kipande kinaweza kuvimba bila kuguswa.

Muuzaji anasema kamera ya fremu 1,000 kwa sekunde inatosha kufuatilia dimbwi. Ni kweli?

Hapana. Leza ikikimbia mita moja kwa sekunde, kati ya fremu moja na nyingine itakuwa imekwenda milimita nzima, wakati dimbwi lote lina urefu wa milimita 0.3 hadi 0.5. Mnapiga picha dimbwi moja, mawili yanapita bila kuonekana. Kwa fremu 20,000 mnapata hatua ya mikromita 50, na hapo umbo la dimbwi linafuatilika. Muda wa kufungua shata nao uwe mfupi: mikrosekunde 20 tayari ni ukungu wa mikromita 20.

Kuyumba kwa shimo la mvuke ni suala jingine. Huko mtikisiko hufika makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kinachoweza kuufuata kwa gharama ya kawaida ni fotodiodi, ambayo haina picha, ina namba moja tu ya mwangaza, lakini inaisoma mara 100,000 kwa sekunde au zaidi.

Kabla ya kununua, hesabuni diski. Picha ndogo ya pikseli 128 kwa 128, baiti moja kwa pikseli, fremu 20,000 kwa sekunde, ni megabaiti 328 kila sekunde. Saa moja ya leza ni terabaiti 1.2 hivi. Hakuna anayehifadhi hizo kwa kazi ya saa 30. Njia ya kawaida ni kuisoma kila fremu papo hapo na kubaki na namba chache, yaani eneo, urefu, upana, mwangaza wa juu na wa wastani, kisha picha yenyewe ihifadhiwe pale tu namba zinaporuka nje ya mipaka.

Tumefunga fotodiodi kwenye njia ya leza. Vipande vilevile, vigezo vilevile, lakini vya katikati vinang'aa kuliko vya pembeni. Leza imechoka?

Kabla ya kuilaumu leza, chunguzeni lenzi. Lenzi ya mashine hizi imesanifiwa kwa urefu mmoja wa wimbi, nanomita 1,070 hivi, na vioo vinavyogeuza miale vimepakwa kwa ajili ya wimbi hilohilo. Nyinyi mnatazama mwanga mwingine, tuseme nanomita 700 hadi 950. Mwanga huo, ukija kutoka pembeni mwa bamba, hupinda tofauti na kupotea njiani. Kosa hili linajulikana na linarekebishika.

Chukueni taa ndogo yenye mwangaza thabiti, iwekeni kwenye nukta 25 za bamba, tano kwa tano, leza ikiwa imezimwa kabisa, mkiandika fotodiodi inasoma nini kila nukta. Pitisheni uso laini kwenye namba hizo, kisha kila kipimo cha kazi kigawanywe kwa thamani ya uso huo mahali pake. Rudieni kila lenzi inapobadilishwa. Halafu chapisheni vimchemraba 25 vya milimita 10 na mlinganishe wastani wa matabaka mengi, si moja, kwa sababu mashine nyingi huzungusha uelekeo wa mistari nyuzi 67 kila tabaka na uelekeo nao hubadilisha mwangaza.

Ikiwa baada ya marekebisho tofauti bado ipo, angalieni imekaaje. Ikifuata duara kutoka katikati, bado ni lenzi. Ikifuata mkondo wa agoni, gesi inayopulizwa juu ya kitanda, yaani upande ambao gesi inatoka chumbani ni hafifu au una kelele zaidi, basi si kosa la kipimo: moshi wa metali unakatiza leza yenyewe, na vipande vya upande huo vinapokea nishati pungufu. Pimeni kasi ya gesi, kagueni kichujio, na pangeni vipande vichapwe kuanzia mwisho wa mkondo kurudi mwanzo wake, ili moshi na cheche zisiangukie poda ambayo bado haijayeyushwa.

Kwa nini watafiti huhangaika na sinkrotroni (kituo kikubwa kinachotoa eksirei kali mno) wakati kuna CT (skani ya eksirei ya pande tatu)?

CT huonyesha maiti. Sinkrotroni huonyesha kifo kinavyotokea. Mtatuwia radhi kwa mfano huo, lakini tofauti ndiyo hiyo. CT inawaambia kitundu kipo wapi baada ya kila kitu kupoa. Haisemi kama kilizaliwa hapo, kilisukumwa na mkondo wa kimiminika, au kilikuwa kikubwa kikapungua.

Kwenye sinkrotroni hujengwa kitanda kidogo mno cha poda: ukuta wa metali wenye unene wa milimita moja au chini ya hapo, umebanwa kati ya mabamba mawili ya kaboni ya kioo ambayo eksirei hupita bila shida. Leza hushuka kutoka juu, eksirei hupita ubavuni, na upande wa pili kuna kimulimuli kinachogeuza eksirei kuwa nuru mbele ya kamera ya mwendokasi. Titani na alumini hupitisha eksirei vizuri. Chuma na aloi za nikeli humeza nyingi, kwa hiyo sampuli hulazimika kuwa nyembamba zaidi.

Advanced Photon Source, sinkrotroni ya Argonne, Marekani, ilionyesha mwaka 2017 kwamba hili linawezekana kwa makumi ya maelfu ya fremu kwa sekunde. Mwaka 2018 kundi lililotumia Diamond Light Source nchini Uingereza lilionyesha viputo vikisafirishwa na mkondo ndani ya dimbwi, vingine vikifika juu na kupasuka. Mwaka 2019 watafiti waliotumia kituo cha Argonne wakaonyesha kwamba shimo la mvuke halisubiri hali ya hatari: hutokea karibu kote kwenye vigezo vinavyotumika viwandani, na kizingiti cha kuingia humo kinategemea nguvu ya leza kwa eneo. Shimo peke yake si kasoro. Kasoro ni shimo lisilotulia. Mwaka 2020 ikaonekana kwamba mpaka kati ya vigezo salama na vinavyozaa vitundu ni mstari mkali, si ukungu, na kwamba mawimbi ya shinikizo kwenye ncha ya shimo husaidia kukisukuma kitundu mbali nalo, kikaganda kabla hakijarudi.

Lililo na faida ya haraka kwa fundi lilitoka kituo cha SLAC, California, mwaka 2019. Leza inapofika mwisho wa mstari na kugeuka hupunguza mwendo. Nguvu isipopunguzwa pamoja nao, shimo huchimba chini zaidi, kisha huporomoka na kuacha kiputo. Kama CT yenu inaonyesha safu ya viputo chini kidogo ya ukuta wa nje, anzieni hapo: ama nguvu ishuke kwenye kona, ama leza izimwe wakati vioo vikigeuka.

Programu inayosoma data ya vihisi imetoa kengele 40. CT imeona vitundu sita, na vinne kati yake havimo kwenye zile 40. Tuitupe programu?

Msiitupe bado. Hesabu kama hiyo mara nyingi ina sababu tatu zilizolaliana.

Ya kwanza ni kuyeyushwa upya. Tabaka ni mikromita 30, dimbwi lina kina cha mikromita 100 au zaidi. Kila mahali panayeyushwa tena mara mbili au tatu na matabaka yanayofuata. Kengele ya tabaka la 200 inaweza kuwa ya kweli kabisa, na kasoro yake ikawa imezibwa na tabaka la 202. Hiyo haipaswi kuhesabiwa kuwa kosa la programu.

Ya pili ni kina. Kiputo cha shimo la mvuke huzaliwa chini ya dimbwi, si pale mwanga ulipoonekana. Kengele ya tabaka la 200 itafutwe kwenye CT kuanzia mikromita 50 juu hadi 200 chini yake. Tumekwisha kuona ulinganisho uliofanywa tabaka kwa tabaka bila nafasi hii, na matokeo yake yalikuwa karibu na kubahatisha.

Ya tatu ni muda. Namba za mahali pa leza na namba za fotodiodi hazifiki kwenye kompyuta kwa wakati mmoja. Kuna kipimo rahisi: chora ramani ya tabaka moja lenye mistari ya kwenda na kurudi. Kingo zikionekana kama meno ya kitana, kuna ucheleweshaji. Mistari ya kwenda husogea upande mmoja na ya kurudi upande mwingine, hivyo jino lina urefu wa mara mbili ya kosa. Jino la mikromita 200 kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde ni ucheleweshaji wa milisekunde 0.1. Utoeni, ramani itanyooka.

Kwa upande wa CT, chapeni alama tatu zisizolingana nje ya kila kipande, kwa mfano koni ndogo, ili ramani na CT zilazwe juu ya kila moja bila kubuni. Kumbukeni pia kwamba CT ina upofu wake. Kipande cha milimita 20 mbele ya kihisi cha pikseli 2,000 hutoa vokseli (pikseli ya pande tatu) ya mikromita 10, na kitundu cha kuaminika ni mikromita 30. Kipande cha milimita 200 hutoa mikromita 100, na chochote kilicho chini ya 300 ni cha kukisia. Huenda baadhi ya zile kengele zenu zina ukweli ambao CT yenu haiwezi kuuona. Kateni kipande kimoja, king'arishwe, kitazamwe kwa hadubini.

Kamera ya joto itatupa nyuzi halisi za dimbwi?

Itawapa namba, kuiita joto kunahitaji kazi. Metali haitoi mwanga kwa ukamilifu, na kiasi inachotoa hubadilika inapotoka poda kuwa kimiminika, kisha kuganda. Shimo la mvuke nalo hunasa nuru ndani yake na kuonekana la moto kupita jirani zake. Chagueni urefu mfupi wa wimbi. Karibu na joto la K (kelvini) 2,000, kukosea uwezo wa kutoa mwanga kwa asilimia 30 huleta kosa la K 70 hivi mkitazama mikromita 0.8, lakini karibu K 300 mkitazama mikromita 4. Kamera zinazotazama rangi mbili na kugawanya moja kwa nyingine hupunguza tatizo, haziliondoi. Nanga nzuri ni kuganda kwenyewe: mstari wa kupoa hupata kituo kidogo pale metali inapoganda, na joto hilo linajulikana, kwa mfano takriban sentigredi 1,650 kwa aloi ya titani iitwayo Ti-6Al-4V.

Tunawezaje kutengeneza kasoro za makusudi za kufundishia modeli, yaani programu inayojifunza kutambua kasoro?

Msichore tundu tupu kwenye faili na kulichapa. Ndani yake hubaki poda, tabaka linalofuata huiyeyusha kwa sehemu, na kinachobaki hakifanani na kasoro ya kawaida. Badala yake badilisheni vigezo kwenye kisehemu cha ndani cha milimita mbili au tatu. Chukueni mpangilio wa Ti-6Al-4V wa wati 280, milimita 1,200 kwa sekunde, mistari inayoachana milimita 0.14 na tabaka la 0.03: hizo ni jouli 56 hivi kwa milimita ya ujazo. Kisehemu kimoja kishushwe nguvu kwa theluthi, kingine mistari itanuliwe hadi 0.2, cha tatu mwendo upunguzwe kwa nusu ili shimo la mvuke lizidi kina. Namba ya jouli isiwahadae, maana jozi mbili za nguvu na mwendo zenye jouli sawa zinaweza kuzaa vitundu vya aina tofauti kabisa.

Kisha wekeni visehemu vilevile mahali tofauti pa bamba, la sivyo modeli itajifunza mahali badala ya kasoro. Mtego huu huwanasa hata wazoefu.

Kazi ya mwaka 2023 iliyounganisha eksirei na kamera ya joto kwenye Ti-6Al-4V ilifaulu karibu kila mara kutambua kuzaliwa kwa viputo ndani ya muda ulio chini ya milisekunde. Ilifaulu kwa sababu kila lebo ilitoka kwenye eksirei iliyopigwa wakati uleule. Lebo za kubahatisha huzaa modeli ya kubahatisha.

Je, mashine inaweza kujirekebisha leza ikiwa bado inakimbia?

Kwa kitundu kimoja, kwa kawaida hapana. Kusoma picha, kukokotoa na kutoa amri kukichukua nusu milisekunde, leza imeshasogea nusu milimita. Fotodiodi yenye kielektroniki chake cha karibu inaweza kuwahi zaidi. Kinachofanya kazi vizuri leo ni marekebisho ya tabaka kwa tabaka: poda ikisambaa vibaya, isambazwe tena kabla leza haijawaka; eneo likionekana baridi, nguvu ipangwe upya kwa tabaka linalofuata. Kurudia kuyeyusha sehemu yenye kengele kunawezekana, ila hubadilisha joto na muundo wa metali mahali hapo, na kwa vipande vya ndege au vya kupandikizwa mwilini badiliko kama hilo lazima liwe limehakikiwa kabla.

Si rahisi zaidi kubana kila kitu kwa gesi ya moto yenye shinikizo mwishoni?

Husaidia sana. Ti-6Al-4V kwenye sentigredi 920 na megapaskali 100 kwa saa mbili hufunga vitundu vingi vya ndani. Lakini kitundu kilichotobokea nje hakifungi, kwa kuwa gesi huingia humohumo. Na chenye agoni ndani hubanwa tu, hakitoweki, kwa kuwa agoni haiyeyuki ndani ya metali. Kipande kikipashwa sana baadaye, kinaweza kuvimba upya.

Dirisha la kamera lisafishwe lini?

Kabla ya kila kazi, chumba kikiwa kimepoa, kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na pombe ya isopropili. Vaeni barakoa na glavu: masizi hayo ni metali laini mno, na ya titani au alumini huweza kushika moto, kwa hiyo msitumie kifyonza-vumbi cha nyumbani. Halafu pigeni picha ya taa ileile ya kumbukumbu na mwandike mwangaza wake kwenye daftari la mashine. Ukishuka kwa zaidi ya asilimia tano kutoka ule wa siku ya kwanza, rudieni kusafisha kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza, na mwangalie pia kioo kinacholinda lenzi ya leza, kwa sababu masizi yaliyochafua kimoja hayakukiacha kingine.